Kwinini ya Shamimu

Mwaka wa tisini na sita Tandika kulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Kulikuwa na soda za kila rangi, sabuni za kunukia zilizokuja na picha za wanawake wa ng'ambo, mitumba iliyomwagwa chini kama mahindi, na televisheni ya Abdulsamad mwenye duka, ambayo watoto waliitazama kupitia dirishani mpaka mkewe awamwagie maji ya vyombo. Maji yenyewe yalitoka bomba moja nyuma ya msikiti, tena yakitaka. Tulilalamika sana miaka ile, na leo ukituuliza tutakwambia hakuna raha tuliyopata kama ile. Tulikuwa tunajuana. Ukipiga chafya kwako, wa nyumba ya tatu anakuombea heri.

Ndiyo maana Shamimu alipoanguka bombani, habari ilifika nyumbani kabla yake. Alikuwa ameinua ndoo, akaiweka kichwani, akapiga hatua chache, akaenda chini na maji yake yote. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwinua, wakampangusa tope, na kwa kuwa hakuumia, wakaanza kumcheka.

"Mimba ya kwanza hiyo, inamringia," alisema mmoja.

Zubeda, jirani yake, alimshika mkono akaugeuza kiganja juu. "Hebu oneni viganja vilivyopauka. Wewe mtoto unakula udongo."

"Sili, dada."

"Hawajawahi kukubali, nyie! Mie mwenyewe nilikuwaga naficha kwenye pindo la kanga, mume wangu akiuliza nasema ni ubani."

Wakacheka tena, na Shamimu akacheka nao, maana angefanya nini? Lakini alirudi nyumbani na ndoo tupu, na ndoo tupu iliyotoka bombani ilikuwa aibu ambayo mke kijana hakutaka kuonekana nayo barabarani. Alipita uchochoroni, nyuma ya vyoo.

Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Mwishehe, na mama mkwe wake, Bi Tabu, mwenye nyumba. Mwishehe alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa, na sasa aliuza mashati ya mitumba sokoni. Kijana wa watu hakuwa mbaya. Tatizo lake moja ni kwamba alikuwa mtoto wa pekee wa mwanamke mwenye kauli, na watu wa namna hiyo huchelewa sana kupata kauli yao wenyewe.

Jioni ile alirudi akamkuta mkewe amejifunika blanketi, joto la Februari likiwa linaunguza mabati.

"Homa tena?"

"Tena."

"Lakini umepimwa, Shamimu. Umepimwa mara ngapi?"

Alikuwa amepimwa mara tatu. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeota kama uyoga miaka ile, na Mwishehe alimpeleka iliyosifiwa kuliko zote. Kila mara walimtoboa kidole, wakapaka damu kwenye kioo, yule mtaalamu akainamia darubini, kisha akainua kichwa na kusema hakuna mdudu. Mwishehe alilipa, na moyoni aliona kama amelipia uongo wa mkewe. Hakulisema hilo, lakini lilikuwa usoni kwake, na Shamimu alijua kusoma uso wa mumewe.

"Kipimo kinasema huna kitu," alisema Mwishehe. "Mie nikisema unajidekeza, nitakuwa nimekosea?"

"Iulize baridi ninayoisikia kama inajidekeza."

Bi Tabu alisikia kutoka uani, akaingia akijifuta mikono. "Mwache mwenzio. Nimesema tangu siku ya kwanza kwamba hii ni homa ya mimba. Mimba ya kwanza inatafuta pa kukaa, lazima mwili uchemke. Atakunywa uji wa pilipili manga, atalala, itapita."

Alisema kwa upole. Hilo nalitaka lijulikane, maana watu wakisikia neno mama mkwe huwa wameshatoa hukumu. Bi Tabu alimpenda Shamimu. Alimchotea uji kwa mkono wake, akampepea kwa kipande cha boksi, na usiku alimtia mafuta ya nazi miguuni. Mjukuu aliyekuwa tumboni mle alimngoja kwa hamu iliyomtia hofu mwenyewe.

*

Siku ya kliniki Shamimu alikwenda na Bi Tabu. Wazaramo wa Tandika hawakumwacha binti mwenye mimba ya kwanza atembee peke yake. Mama mkwe, au somo wake aliyemfunda unyagoni, alikuwa ubavuni, na ndiye aliyejibu maswali. Binti aliinamisha macho. Kwa hiyo muuguzi mkunga, sista Demetria, alipomuuliza Shamimu anajisikiaje, Bi Tabu ndiye aliyejibu.

"Ana homa ya mimba, sista."

Demetria alikuwa mwanamke mnene kutoka Bukoba, mcheshi mpaka pale atakapokuwa mkali. Alishusha kalamu. "Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba."

"Hakuna homa ya mimba. Kuna mimba, na kuna homa."

"Kapimwa. Darubini imekataa mara tatu."

"Na klorokwini?"

"Kapewa mara mbili. Ikamwasha mwili mzima, homa ikapoa siku mbili tatu, ikarudi."

Demetria alivuta kope la Shamimu chini, akaona pale ndani palivyopauka. Kisha akafungua boksi dogo lililokuwa kwenye kabati. Walikuwa wameletewa vipimo vipya, alieleza, vya kujaribiwa kwa wajawazito kabla havijaenea kwingine. Alimtoboa Shamimu kidole, akavuta tone la damu, akaichanganya na maji fulani kwenye kichupa, akasimamisha humo kijiti cha karatasi ngumu kisichozidi kidole. Wakasubiri. Bi Tabu aliona ni mchezo wa watoto. Damu ilipanda polepole kwenye karatasi, ikapauka, na katika ule weupe ikajitokeza mistari miwili ya rangi ya waridi.

"Huu wa juu unasema kijiti ni kizima," alisema Demetria. "Huu wa chini ndio malaria."

"Darubini imesema hapana mara tatu, halafu karatasi inasema ndiyo mara moja," alisema Bi Tabu. "Nimwamini nani?"

Mwingine angekasirika. Demetria alivuta kiti akakaa. "Mama, mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza hii karatasi. Sitakudanganya. Lakini mwanamke akiwa mjamzito, wadudu wa malaria wanapenda kwenda kujificha kwenye kondo la nyuma. Wanajazana kule, wanamnyima mtoto chakula. Ukimtoboa mama kidole huwaoni, maana hawapo kidoleni. Darubini inamtafuta mdudu mwenyewe. Karatasi hii inatafuta uchafu anaouacha kwenye damu. Mwizi kaingia ndani, sisi tunamtafuta barabarani."

Shamimu aliinua macho kwa mara ya kwanza. Miezi miwili alikuwa ameitwa mvivu, mla udongo na mwenye kudeka, na sasa mtu mzima mwenye sare nyeupe alikuwa anasema kwamba anaumwa. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Tutampa kwinini," alisema Demetria.

Bi Tabu alisimama. Demetria alitoa kidonge cha kwanza, akamimina maji kwenye kikombe cha bati, akataka kimezwe mbele yake. Shamimu alikiweka mdomoni, na juu ya ukingo wa kikombe akakutana na macho ya mama mkwe wake. Alikisukuma kidonge chini ya ulimi. Akanywa maji, akafungua mdomo kidogo, akasema ahsante. Walipofika nje, nyuma ya ukuta, akakitema. Uchungu ulibaki mdomoni mpaka nyumbani.

*

Vile vidonge vingine Bi Tabu alivifunga kwenye kitambaa akaviweka ndani ya kasha lake, chini ya nguo. Usiku, kwenye sinia la wali na mchicha, Mwishehe aliuliza kliniki wamesema nini.

"Wamesema ameze kwinini," alijibu mama yake. "Na mie nimesema hamezi."

"Mama, kama wataalamu wamesema..."

"Nisikilize, Mwishehe. Sikuwahi kukwambia kwa sababu hakuna mama anayependa kusema haya akiwa anakula na mwanawe." Alisogeza mkono wake kutoka kwenye sinia. "Kabla yako nilibeba mimba mbili. Ya kwanza nilishikwa na homa, baba yako akanipeleka hospitali, wakanipa kwinini, nikameza. Mtoto akatoka wa miezi saba, kimya. Ya pili homa, kwinini, nikameza. Huyo aliishi asubuhi moja. Wote wa kiume. Wifi zangu wakasema mke huyu anakunywa machungu ili asizae. Ya tatu daktari kanipa kwinini, nikamrudishia mkononi mchana kweupe, watu wanaona. Nikakupata wewe."

Mwishehe angebishana vipi, na yeye mwenyewe ndiye ushahidi, ameketi pale mzima na tonge mkononi?

"Dawa chungu inatoa mimba," alisema Bi Tabu. "Hilo hata mbuzi anajua."

Shamimu alimtazama mumewe. "Na wewe unasemaje?"

"Mie nasema..." Mwishehe alitazama sinia. "Tungoje kidogo tuone."

Wakangoja. Ilikuwa wiki ya mgao wa umeme, na jioni mtaa mzima ulikaa barazani kwenye giza zuri la zamani, watu wakipiga hadithi, vijana wakitaniana na mabinti wasiowaona sura. Shamimu alikuwa ndani, anatetemeka. Jua likipinda tu, baridi inaanza mgongoni. Baada ya baridi moto. Baada ya moto jasho linalolowesha mkeka. Watu walipita dirishani wakamwombea uzazi mwema, naye akajibu amina kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo.

Kisha ikaja Jumanne moja ambayo hakuomba uji. Bi Tabu alikuwa uani anapembua mchele. Shamimu alitoka akiwa ameshika ukuta, akasimama mbele ya ungo.

"Mama, mtoto hachezi."

"Amelala. Nao wanalala."

"Hachezi tangu jana asubuhi."

Bi Tabu aliweka ungo chini. Akaweka kiganja juu ya tumbo la mkwewe na kungoja. Akahamisha mkono upande wa pili, akangoja tena. Kuku walikuwa wanadonoa mchele kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Nipe vidonge vyangu, mama."

"Ukimeza akifa?"

"Nisipomeza akifa?"

Hofu ilimshika Bi Tabu mpaka miguuni, hofu ile ile ya miaka thelathini iliyopita, na haikuwa na njia ya kutokea: kila upande palikuwa na kaburi.

"Mama, nakuheshimu kama aliyenizaa," alisema Shamimu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na hajawahi kumjibu mkubwa maishani mwake. "Sikukataa neno lako hata siku moja. Uliniangalia nikatema. Leo nakuomba usiniangalie."

Bi Tabu aliingia chumbani, akafungua kasha, akarudi na kitambaa. Alimpa mkononi. Kisha alitoka nje kabisa, akaenda kusimama barabarani kwenye jua, bila ushungi wala viatu, na wapita njia wakamwamkia shikamoo asiitikie. Hakutaka macho yake yaone.

Shamimu alimeza kidonge, akakitapika, akameza kingine. Masikio yakamvuma kama yamewekwa ndani ya mtungi. Mwishehe aliporudi na kusimuliwa, hakuuliza mama kasemaje. Alfajiri alimpakia mkewe kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma mpaka kliniki.

"Ulitema?" Demetria alifoka alipoelezwa, mbele ya benchi zima la wajawazito. "Nilikupa kwa mkono wangu, ukatema! Ulitema wapi, nikaokote?" Wanawake wakaangua kicheko, na Mwishehe, ambaye hakuwa na kosa katika lile la kutema, aliinama kana kwamba yeye ndiye aliyetema. Aibu ile aliistahili kwa sababu nyingine. Demetria aliweka kibomba cha mbao kwenye tumbo la Shamimu, akabandika sikio, akawanyamazisha wote kwa kidole. Alisikiliza muda mrefu.

"Yupo," alisema. "Amechoka, lakini yupo. Sasa utameza siku saba, na wewe baba utamtazama mdomoni."

Mwishehe alimtazama mdomoni siku saba. Alitoka sokoni mchana, akaacha mashati kwa mwenzake, akaja kusimama mbele ya mkewe na kikombe cha maji. Jirani Zubeda alimtania kwamba ananyonyesha. Siku ya nne mtoto alipiga teke, na Shamimu akapiga ukelele uliomfanya Bi Tabu aangushe sufuria. Homa haikurudi. Bi Tabu alizidisha maziwa kwenye uji na kuendelea kungoja msiba, kwa sababu hata yule wa pili wake alikuwa amecheza mpaka siku ya mwisho.

*

Shamimu alijifungua adhuhuri mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaelekea mwisho. Mtoto wa kike, mdogo, kilo mbili na kidogo, lakini sauti yake ilitoka mpaka kwenye korido. Bi Tabu aliisikia akakaa chini sakafuni.

Wakati wa kupewa kondo alikuwa tayari na ndoo yake yenye kifuniko. Hilo halikuwa jambo la kujadili. Kondo huzikwa nyumbani, na bibi, mahali asipopajua mgeni. Likiangukia mikono mibaya, kizazi cha mwanamke kinaweza kufungwa. Demetria alilijua hilo, ndiyo sababu aliongea kwa unyenyekevu.

"Mama, naomba kipande. Kidogo kama ukucha. Nikibandike kwenye kioo, tujue ile karatasi ilisema kweli au ilisema uongo."

"Kondo halikatwi, sista."

"Najua. Ukikataa nitakuelewa, na utaondoka nalo."

Bi Tabu alikumbatia ndoo. Wahudumu wawili walipita, wakachungulia, wakaendelea. Alifikiri sana, na alichokuwa anafikiria hakikuwa kizazi cha Shamimu.

"Utanionyesha na mie?"

"Nitakuonyesha."

"Basi kata. Mbele yangu."

Demetria alikata, akagandamiza kwenye kioo, akatia dawa zake, akamwongoza mpaka kwenye darubini. Bi Tabu alifumba jicho moja, akakosea, akafumba la pili. "Naona madoadoa meusi tu. Kama masizi."

"Hayo ndiyo. Ni uchafu wao. Wenyewe kwinini imewaua, lakini walikuwepo, tena wengi. Wangebaki hivyo mpaka leo, huyu mtoto usingemsikia analia."

Bi Tabu aliinua kichwa. "Walikuwepo kabla ya kwinini."

"Kabla."

"Na zangu mie? Zile mbili."

"Zako sikuziona, mama. Siwezi kukuapia kitu nisichokiona. Lakini nikuulize: kwinini uliimezea nini?"

"Homa."

"Homa ilianza lini?"

"Zamani. Wiki kabla ya..." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayekimbilia kujitetea upande usiofaa: "Lakini Mwishehe? Kwa Mwishehe nilikataa, na homa nilikuwa nayo, na mtoto akatoka mzima."

"Mimba za kwanza ndizo zinazoumizwa zaidi," alisema Demetria. "Mwili unajifunza kupigana. Huyo wa tatu alikukuta umeshajifunza."

Bi Tabu alifunika ndoo yake. Alishukuru kwa adabu, akatoka nje kwenye veranda, ambako Mwishehe alikuwa amesimama na watu wengine wanaosubiri wagonjwa wao.

"Mama, vipi?"

"Wa kike. Mzima. Na mwenzio mzima."

Mwishehe alianza kusema alhamdulillahi, akaona uso wa mama yake, akaacha katikati.

"Mwishehe," alisema Bi Tabu, "kaka zako sikuwaua mie."

Alimtazama asielewe. Alikuwa amesikia habari ya mimba zile kwenye sinia la wali, lakini haikumpitikia kwamba mama yake, miaka yote ile anampikia, anamfulia, anamfanyia mzaha, alikuwa anajihesabu muuaji. Alinyoosha mkono apokee ndoo. Bi Tabu hakuiachia. Alikaa kwenye ngazi, ndoo mapajani, akalia. Alilia kwa sauti ya matanga, kwa kuita majina, majina mawili ambayo Mwishehe hakuwahi kuyasikia, na watu wote pale verandani wakageuka.

Wanawake wasiomjua walimzunguka mara moja. Mmoja alivua kanga ya juu akamfunika mabega. Wazee walivua kofia, wakaja kumshika Mwishehe mkono: pole, kijana, kazi ya Mungu, utapata mwingine. Naye akawa anageuka huku na huku, machozi yanamtoka, anawarudishia mikono yao.

"Mtoto mzima, jamani," alisema. "Mtoto mzima. Anawalilia kaka zangu."